Burnish: neno lililonirudisha kwa sonara

Sentensi ilikuwa fupi. Habari ya Kiingereza niliyopewa kutafsiri ilisema kwamba mwanasiasa mmoja alikuwa akizuru vijiji ili ku-"burnish" sura yake kabla ya uchaguzi. Nikaandika "ili kusafisha jina lake", nikashika sentensi inayofuata. Jioni mhariri akanipigia simu na swali moja tu: huyu bwana jina lake lilichafuka lini?

Nikairudia habari yote. Hapakuwa na kashfa, wala kesi, wala tuhuma. Mtu alikuwa akitafuta kura kama watafutavyo wenzake. Aliyemchafua ni mimi, kwa kitenzi kimoja, maana kwa Kiswahili hakisafishwi ila kilichochafuka. Kosa la namna hii laweza kumfikisha mwandishi mahakamani. Kwangu lilikuwa zito hata bila mahakama, kwa sababu mtu huyo hakunikosea lolote.

Nilipofungua kamusi nilikuta "ng'arisha". Nikatafuta "polish", nikakuta "ng'arisha". Nikatafuta "shine", nikakuta vilevile. Kamusi haikusema uongo. Maneno yote hayo mwisho wake ni mng'aro, na kamusi imetaja mwisho huo. Ila mng'aro una njia zaidi ya moja za kuufikia, na "burnish" ni jina la njia moja mahususi. Asiyeijua njia hiyo hawezi kuipata maana ya fumbo lake, iwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili.

Mimi naishi Lamu, na Lamu mtu akitaka kujua jambo la mkono huenda kwa wenye mikono. Nikashika usita wa mui, ile njia kuu inayopita katikati ya mji, mpaka kwenye kibanda cha sonara mmoja ninayemheshimu kama baba. Nikamweleza shida yangu. Hakunijibu kwa maneno. Alichukua pete ya fedha aliyokuwa ameshaipitisha kwenye tupa na kwenye msasa. Ilikuwa laini, lakini rangi yake imefifia kama maji ya wali. Kisha akatoa kijichuma chenye ulimi mwembamba uliong'aa kuliko pete yenyewe, akakilowesha kwa maji ya sabuni, akaanza kukipitisha juu ya fedha kwa nguvu, mbele na nyuma.

"Ndoo uangalie kwa mato yako," akaniambia kwa Kiamu, yaani njoo uangalie kwa macho yako.

Kila kijichuma kilipopita, palibaki mstari unaometa. Mstari ukaungana na mstari, na ule ufifi ukatoweka. Nikamuuliza kinachoondoka pale ni nini. "Hapa siondoi kitu, wala sitii kitu," akasema. "Naikandamiza tu."

Jibu hilo ndilo ufafanuzi wote wa neno la Kiingereza katika maana yake ya asili. Uso wa fedha uliotoka kwenye msasa, ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, umejaa vilima na mabonde madogo madogo. Mwanga ukiupiga hutawanyika kila upande, na ndiyo sababu jicho linaona ufifi. Kijichuma kigumu kuliko fedha, chenye uso laini kuliko wake, kikipita kwa nguvu huvilaza vile vilima ndani ya mabonde. Uso unakuwa tambarare, mwanga unarudi kwa pamoja, na jicho linaona mng'aro. Tena fedha iliyokandamizwa hivyo huwa ngumu kidogo juu kuliko ilivyokuwa. Hata mafundi wa mitambo huzipitisha gurudumu gumu ekseli na shafti za mashine kwa sababu hiyohiyo, ili uso uwe mgumu na usichakae upesi.

Mfano unaoonyesha tofauti vizuri zaidi ni wa karatasi za dhahabu, zile wanazobandika mafundi juu ya fremu za picha na kurasa za vitabu vya zamani. Dhahabu hiyo hupondwa mpaka ikapata unene wa takriban sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Ukiipiga msasa hata mara moja, imekwisha, umebaki na ubao. Haiwezi kung'arishwa kwa kupunguzwa kwa sababu hakuna cha kupunguza. Kwa hiyo mafundi wa Ulaya wa karne za kati waliisugua kwa jino la mbwa, au kwa jiwe la akiki lililochongwa likawa kama kidole, jiwe lilelile ambalo wazee wetu hulivaa kwenye pete za fedha. Akiki haichukui chochote kutoka kwenye dhahabu. Huilaza tu juu ya udongo mwekundu uliopakwa chini yake, nayo inang'aa kama kipande kizima.

Ufinyanzi nao una hadithi ileile. Chungu kikiwa kimekauka nusu, kinashikika bila kubonyea, mfinyanzi huchukua kokoto laini ya mtoni au kipande cha kifuu akakisugua chote, nje na pengine ndani. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina umbo la bapa, kama magamba ya samaki. Kokoto huzilaza zote upande mmoja, vinyweleo vinazibana, na chungu kinatoka na uso wa kumeta bila kupakwa rangi yoyote, ingawa moto wa juu sana wakati wa kukichoma huuharibu mng'aro huo. Wachimbuaji wa mambo ya kale katika pwani hii ya Afrika Mashariki wamefukua bakuli za udongo mwekundu zilizosuguliwa hivyo karne nyingi zilizopita, na mng'aro ungalipo. Katika ripoti zao za Kiingereza neno wanalolitumia ni hilihili lililonitoa jasho.

Na kuta zetu je? Aliyeingia nyumba ya kale ya mtaa wetu wa Mkomani ameliona lile lipu jeupe la zidaka, vile vishubaka vya ukutani, laini kama ganda la yai. Chokaa yake hutokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuuni, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yaive. Tabaka la mwisho, wanaloliita niru, huwa jembamba, la chokaa iliyochungwa sana, na fundi hulikandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka uso ufumbe na kuanza kuakisi mwanga wa kandili. Hapakwi mafuta wala rangi. Mng'aro unatoka kwenye chokaa yenyewe.

Sasa linganisha na kazi ambayo bibi yangu alitupa sisi watoto kila Ramadhani ikikaribia: sinia za shaba, chetezo, na mrashi mmoja wenye nakshi shingoni. Zana zetu zilikuwa ndimu na jivu. Asidi ya ndimu huyeyusha ule weusi unaozaliwa shaba ikikutana na hewa na jasho la mikono, na jivu hukwangua kilichobaki. Shaba ilitoka inawaka. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba ule mrashi, ambao katika picha ya zamani ya harusi unaonekana umechorwa maua shingo nzima, siku hizi una maua upande mmoja tu. Upande mwingine ni laini. Hatukuiba maua hayo. Tuliyasugua, Ramadhani baada ya Ramadhani, kwa nia njema kabisa. Kila kung'arisha kwa kukwangua huondoka na sehemu ya kitu chenyewe, na ndiyo maana wahifadhi wa makumbusho huigusa shaba ya kale kwa hadhari kubwa. Nikitazama Siwa ya Lamu, ile baragumu kubwa ya shaba iliyofinyangwa kwa nakshi, mara nyingi nawaza ingekuwaje leo kama ingeachiwa watoto wenye ndimu na jivu.

Kwa hiyo njia ni tatu. Kuna kupunguza, kuna kulaza, na kuna kupaka. Kiswahili kina maneno yake kwa kila moja, na yote yameshapanda kwenye mafumbo kabla hatujaazima lolote.

La kupunguza ni msasa. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani yenye namba mgongoni, msasa ulikuwa mti, na bado ni mti: jamii ya mtini ambayo wataalamu wa mimea huiita Ficus exasperata, kwa Kilatini "mtini uliokwaruzika". Majani yake yana vinywele vigumu vyenye chembe za silika, kama chembe za kioo, na maseremala waliyatumia kulainishia mbao zamani kabla ya meli kuleta karatasi. Fumbo lake kila mtu analijua. Mwalimu huupiga msasa muswada, kocha humpiga msasa mchezaji, na kijana "aliyepigwa msasa" ni yule aliyeondolewa ukavu wa tabia. Kiingereza kilipita njia ileile kwa kitenzi "polish", kilichotoka kwa Kilatini "polire", kulainisha. Kutoka shina hilo ndipo lilipozaliwa neno "polite", la mtu mwenye adabu. Adabu kwao ni ulaini wa ubao ulioondolewa vibanzi, na sidhani kama seremala yeyote wa mtaa wa Langoni angelipinga hilo.

La kupaka nitalisema upesi. Vanishi, rangi, nta ya viatu. Ile nta tuliyoizoea kuiita kiwi ilianza kutengenezwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, ikapewa jina la ndege wa New Zealand. Kwa bahati tu jina hilo likafanana na kiwi chetu, kiwi cha macho, ule upofu wa muda mtu anaoupata akimulikwa ghafla. Katika mafumbo ya kupaka Kiswahili ni kikali. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kumhadaa, kwa sababu kioo hakinywi mafuta. Yanateleza juu, na anayepakwa anahisi kubembelezwa wala hapati kitu. Na uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini mafuta si ya hadaa siku zote, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jambo la watu wa visiwa. Pale Matondoni, na popote palipoundwa vyombo katika pwani hii, ubao wa jahazi hupakwa mafuta ya ini la papa. Harufu yake haisahauliki. Ubao huyanywa kabisa, nayo huuzuia kupasuka kwa jua na chumvi. Jina la mafuta hayo ni sifa. Ni neno lilelile, herufi kwa herufi, la sifa anayopewa mtu. Sitadai kwamba moja limezaa jingine. Nasema tu kwamba mtoto aliyekulia karibu na vyombo hukua akijua sifa mbili: inayopakwa kioo na kuteleza, na inayopakwa ubao na kuingia. Nikisoma habari za kampeni mara nyingi hujiuliza, hii imepakwa kwenye nini?

Basi la kulaza je? Hapa ndipo nilipofurahi, kwa sababu Kiswahili kinalo neno, na tumeliacha kabatini. Ni kukwatua. Wengine husema kukatua, na kitenzi hicho kina maana nyingine ya shambani pia. Kukwatua upanga, kukwatua jambia, kukwatua sufuria: kusugua chuma mpaka kimete. Wengi wa rika langu tunalijua kwa umbo moja tu, kujikwatua, yaani kujipamba. Dada aliyejitia wanja, hina na marashi akatokea harusini, "amejikwatua". Tulishika fumbo tukaisahau kazi iliyolizaa. Lakini ukilitazama tena fumbo hilo ukiwa na kijichuma cha sonara akilini, linasema jambo zuri sana. Aliyejikwatua hakubadilishwa sura. Ni yeye yuleyule, amelazwa tu vilima vyake mpaka mwanga ukarudi.

Neno la Kiingereza nalo lina historia ambayo haifanani na inavyosikika. Watu wengi hudhani "burnish" ni jamaa ya "burn", kuungua, kwa kuwa kitu kilichokwatuliwa kinaonekana kuwaka. Hata Shakespeare aliyaweka maneno hayo mawili kinywani mwa mtu mmoja, bega kwa bega, alipoieleza jahazi ya malkia Cleopatra. Lakini asili yake ni nyingine. Linatoka Kifaransa cha kale, "brunir" au "burnir", kutokana na "brun", rangi ya kahawia. Yaani kukwatua ilikuwa kukipa kitu rangi ya kahawia! Ajabu hiyo inafumbuka ukijua kwamba katika lugha za kale za Kijerumani, ambako Wafaransa walilitoa neno hilo, "brun" ilikuwa rangi ya giza yenye kumeta, si kahawia tupu. Waingereza wa kale walilitumia kwa makali ya upanga. Ndiyo maana Mwana wa Mfalme wa Moroko, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Waswahili wengi tuliijua kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi, anapoomba asichukiwe kwa weusi wake, husema kuwa ngozi yake ni sare ya jua, na jua lenyewe analiita kwa neno hili. Mng'aro na weusi vinakutana ndani ya kitenzi kimoja. Kwa Mswahili hilo halihitaji maelezo marefu. Tuna mpingo.

Kutoka kwenye upanga neno likaenda kwenye sifa za watu. Magazeti ya Kiingereza leo husema mtu ana-"burnish" jina lake, sura yake, hata kumbukumbu atakayoiacha. Kinyume chake ni "tarnish", kufifia kwa chuma. Na hapo nikaona kwa nini niliteleza. Kwa Kiingereza jina la mtu ni chuma. Laweza kufifia, laweza kukwatuliwa, na kufifia si kosa la mtu, kwani fedha hufifia kwa kukaa tu kabatini. Kwa Kiswahili jina ni nguo. Huchafuka, huingia doa, hupakwa matope, husafishwa. Nguo haichafuki bila kuguswa na uchafu. Heshima nayo ni chombo cha udongo, kwa sababu tunasema huvunjwa. Vinavyopata kuwa chuma na mbao katika mafumbo yetu ni akili na ujuzi, ndiyo maana tunavinoa na kuvipiga msasa. Nilipolihamisha jina la yule mgombea kutoka ghala la chuma la Waingereza hadi kwenye kamba yetu ya nguo, lilifika likiwa na doa ambalo hakuwa nalo.

Sisemi kwamba "burnish" ya magazetini ni safi siku zote. Imezeeka, na waandishi wengi siku hizi huitumia kwa kazi ambayo kwa kweli ni ya vanishi: kujenga sura ambayo chini yake hakuna fedha. Mtafsiri lazima aamue, na uamuzi huo haumo kamusini, umo ndani ya habari. Kama mtu anapaka, niandike anapaka. Kama anajitakasa na tuhuma, niandike anajitakasa. Kama ana kazi aliyoifanya kweli na anaipitisha mbele ya watu ili waione, hapo ndipo pa kukwatua.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili hulazimisha na Kiingereza huliacha likielea, nalo ni nani anayesugua. Anayejikwatua anafanya mwenyewe. Anayekwatuliwa ana watu wake, wasemaji na wapiga picha. Na kuna umbo la tatu, kukwatuka, ambalo halina msuguaji kabisa. Kitu kimekwatuka kama lilivyokwatuka jiwe la baraza nje ya nyumba za Lamu, pale ukingoni wanapokaa wazee kila alasiri. Hakuna aliyepewa kazi ya kuling'arisha. Kanzu na viganja vimepita hapo miaka na miaka, na jioni jua likiwa chini ukingo ule unameta.

Yule mgombea nilimwandika upya: "akizuru vijiji kujikwatua mbele ya wapiga kura." Mhariri aliipitisha bila kupiga simu. Juma lililofuata nikapata sentensi nyingine, ya nahodha mstaafu ambaye Kiingereza kilisema sifa yake ilikuwa "burnished" na miaka 40 ya bahari. Safari hii sikufungua kamusi. Hakujisifu mahali popote katika habari ile, na hakuna aliyelipwa kumsifu. Nikaandika: "jina lililokwatuka kwa miaka 40 ya bahari."